Barua kwa mwanangu: kuhusu koini ulizoniomba

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo, bibi anakusalimu sana, na mvua imenyesha mpaka bodaboda hazifiki mlangoni. Barua yako nimeisoma. Ya daftari na sabuni nimekuelewa. Ya koini za kununulia wachezaji kwenye eFootball, ile gemu ya mpira, ukirudi likizo, hapana.

Usije ukawaambia wenzako bwenini kwamba mama hataki gemu. Unajua vizuri ni nani aliyekufundisha kushika padi. Nimekataa kama mchezaji.

Tupige hesabu kwanza. Boksi la kadi za Epic, wale wachezaji wakali wa nadra, mara nyingi lina wachezaji 150, na Epic humo ndani ni watatu tu. Ukivuta mara moja, nafasi yako ni asilimia 2, na anayetoka harudi bokisini. Ukivuta mara kumi, kama unavyotaka wewe, jua kwamba katika kila watu 100 wanaofanya hivyo, 81 hivi wanatoka bila hata Epic mmoja. Kwa wastani utavuta kama mara 38 ndipo umpate wa kwanza, na huyo wa kwanza anaweza kuwa beki wakati wewe roho yako iko kwa mshambuliaji. Mwalimu wenu wa hesabu akifika kwenye uwezekano, mpelekee aihakiki. Wala si siri, ila nani atakaa kukokotoa wakati kioo kimejaa mbwembwe za taa na kidole kiko kwenye kitufe?

Ubelgiji waliliangalia jambo hili mwaka 2018. Tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema maboksi ya namna hii, unayolipia bila kujua kilichomo, ni kamari. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo pointi za kununulia maboksi kwenye gemu yake ya mpira, FIFA. Watu wakaendelea kucheza mpira kama kawaida. Sisi huku hakuna aliyetuambia kitu, kwa hiyo ninakuambia mimi.

Lakini hata ungeokota hizo koini barabarani bado ningekuwa na neno. Kibanda cha gemu cha mjomba wako pale Makorora kilikuwa na televisheni mbili na PS2 mbili, moja lenzi yake imechoka, haisomi CD mpaka uisimamishe ubavu. Mimi ndiye nilikuwa nakusanya hela. Mechi shilingi mia, anayefungwa anatoka. Jioni, wateja wakipungua, nacheza.

Ilipoingia PES 6, ile gemu ya mpira ya mwaka 2006, kila mtu akawa anataka Inter Milan kwa ajili ya mshambuliaji wao Adriano. Nguvu yake ya shuti ilikuwa 99. Ukimwachia nafasi hata mbali na eneo la hatari, anageukia mguu wa kushoto na kuachia kombora, na kipa anakuja kuruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni. Zikazuka kelele, watu wakanuniana, mwisho mjomba wako akaweka sheria: mmoja akichukua Inter, mwenzake naye ruksa kuichukua. Na unajua nini kilitokea? Yule kijana aliyekuwa mbabe wa kibanda akaacha kuigusa kabisa. Anachukua vitimu ambavyo hata majina ya wachezaji hatuyajui, anawapiga watu wa Inter mkono, goli tano safi, halafu ananyamaza. Hakuna aliyebishana naye tena.

Adriano alikuwa wa kila mtu. Alikuwa kwenye CD, mwenye mia moja na mwenye elfu kumi walimkuta pale pale. Ukifungwa naye ulijua kosa lako: umemwacha ageuke. Kesho yake unamweka kiungo wa kumkaba, na kesho kutwa umeshajifunza. Sasa wewe niambie, unapofungwa na mtu mwenye kikosi cha Epic kumi na moja, umejifunza nini? Hujui kama amekuzidi pasi au amekuzidi pochi. Na ukimfunga wewe kwa kadi ulizonunua, naye hajui, wala wewe mwenyewe hujui. Utamu wote wa gemu ninaoujua mimi uko katika kujua nimefungwa kwa nini.

Halafu unalipia kitu ambacho si chako. Kulikuwa na gemu ya magari ya Ubisoft, The Crew, iliyotoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, na gemu ikafa kabisa, hata kwa aliyenunua CD yake dukani na anayetaka kuendesha peke yake. Huko Ulaya watu wamekasirika kiasi kwamba ombi la kutaka sheria ya kuzuia mambo hayo lilivuka saini milioni moja mwaka 2025. Hiyo ni gemu nzima iliyouzwa kwa bei kamili. Sembuse kadi ya mchezaji.

Ndiyo maana nakurudisha kwenye Tekken, gemu yetu ya mapigano, kila siku, na wewe unaguna. Tekken si malaika, siku hizi nayo inauza wapiganaji wa ziada. Ila unayemnunua unamjua kabla ya kulipa, na ukishamnunua hakupiganii. Mchezaji wa Tekken Arslan Ash alikulia kwenye kumbi za gemu za Lahore, Pakistan, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapaangalia. Mwaka 2019, baada ya safari ya misukosuko ya viza na ndege, akafika Japani akachukua Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu za mapigano. Agosti mwaka huo huo akaenda Las Vegas akamfunga mchezaji Knee wa Korea kwenye fainali ya Evo yenyewe. Walipomstaajabia akawaambia kwao Pakistan wapo wengine wakali kama yeye. Mimi nilimwamini mara moja. Ukikaa mahali ambapo anayeshindwa anatoka, unakuwa mkali hivyo hivyo.

Jambo lingine, na hili sitalirefusha. Likizo iliyopita nilikusikia ukimwambia mtu kwenye maiki maneno ambayo usingeyasema bibi akiwa sebuleni. Kibandani ukimtukana mtu amekaa hapo pembeni yako, bega kwa bega, na ana marafiki. Mtandaoni huyo mtu humwoni, ila yupo. Mimi mwenyewe kuna mmoja alijua ni mwanamke anayemchapa, akaniandikia niende nikapike. Nikamjibu wali nimeshaupalia makaa, na yeye ameshachezea kichapo raundi tatu. Huko Kenya kuna Sylvia Gathoni, wanamwita QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya nje kwa ajili ya Tekken mwaka 2018. Wewe ukimtukana mtu usiyemjua, usidhani lazima ni mvulana wa rika lako.

Nauli nitamtumia matroni wiki ya mwisho. Padi ya pili nimeipeleka kwa fundi, ile stiki iliyokuwa inavuta kushoto yenyewe imepona. Ukija tutaanza na ulinzi wako, maana teke la chini la Eddy wa Tekken halizuiwi umesimama, nimeshakuambia uiname, na bado unasimama.

Mama yako