Barua ya wazi kwa mabinti wa bweni: ule waya mlikuwa mnaujua

Wajukuu zangu,

Salamu kutoka Bombo, hapa Uganda, kwa Jaja yenu, yaani bibi yenu. Siku nane nimekaa na barua hii tumboni nikidhani itapoa. Haijapoa.

Jumamosi ile ya mdahalo nilifika chuoni kwenu kabla ya wageni wote, maana taksi za Bombo ukizichelewa utakaushwa na jua stendi. Saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, ila binti mmoja mwenye miwani amepiga magoti nyuma ya amplifaya, plaizi kaibana kwapani, anamenya waya kwa meno. Nilitaka kumkemea kwa hayo meno, nikameza. Akaunganisha, akazungusha tepu nyeusi, akapuliza maiki: moja, mbili, moja, mbili. Sauti ikatoka safi mpaka jikoni. Aliponiona akacheka. "Jaja, huu waya una ugonjwa wake. Ukizima, unausukuma tu hapa."

Saa nane likaja basi la wavulana, tai shingoni. Saa tisa, hoja ya tatu haijaisha, spika zikazima. Yule binti akainuka nusu, akawatazama wavulana, akakaa. Vijana wawili wakavua makoti wakapanda jukwaani. Mmoja akagonga spika kama anayebisha hodi. Wa pili akachomoa plagi isiyo na kosa lolote. Dakika kumi nzima, ukumbi umejaa wasichana, mikono mapajani, mnangoja. Kisha nikamwona mwenye miwani anapita kando ya jukwaa kama anayeokota karatasi, akausukuma ule waya kwa kidole cha mguu. Spika zikanguruma. Kijana wa plagi akainama kwa adabu, mkampigia makofi, na mwalimu wenu, mwanamke mzima mwenye digrii zake, akashika maiki akasema tuwashukuru kaka zetu kwa kutuokoa.

Baadaye nilimkuta bombani anaosha vikombe vya wageni. Nikamuuliza mbona hakupanda. "Waache tu, Jaja. Watasema ninajifanya."

Neno hilo ndilo lililonikalisha na kalamu.

Anajifanya nini? Fundi? Si ndiye fundi! Wavulana siwalaumu, mtoto wa watu ameona shida, ameinuka. Ninaowalaumu ni ninyi mliokuwa mnajua, mkakaa kimya kama wageni nyumbani kwenu.

Mimi nimekulia humo humo, kwenye shule ya bweni ya wasichana. Najua kulala kitanda cha juu na kusikia mwenzako wa chini analia usiku wa kwanza, ukamshushia biskuti bila neno. Najua foleni ya jerikani alfajiri, posho na maharage yenye wadudu wake, nywele kunyolewa zote mkafanana kama mayai ya trei moja. Walio nje wanaita jela. Lakini wasiyoyajua ni haya: humo ndani hakuna kazi ya mwanamume. Kiranja mkuu msichana, mpiga kengele msichana, wa kwanza kwenye hesabu msichana, na wa mwisho pia msichana, kwa hiyo hakuna anayesema hesabu si za kike. Kwenye tamthilia za shule mimi, kwa urefu wangu, nilipakwa masizi ya sufuria kidevuni nikawa hakimu. Miaka mitatu nilihukumu watu! Hakuna aliyeniambia sauti yangu ni kali mno.

Halafu nikaenda chuo kikuu cha Makerere. Nilikaa Mary Stuart, bweni la wasichana wanaloliita Boksi, na humo nilikuwa simba. Darasani je? Muhula mzima sikufungua mdomo. Siku moja mhadhiri aliuliza swali, jibu nalijua kama jina la mama yangu. Nikamnong'oneza kijana aliyekaa pembeni. Akalisema kwa sauti, akasifiwa, na mimi nikatabasamu kama niliyepewa zawadi. Kwa hiyo yule binti wa kidole cha mguu simcheki. Namjua.

Na chuo chenyewe hicho, mnajua kilikuwa na kaulimbiu gani kabla ya mwaka 1945? "Tuwe wanaume." Mwaka huo wakaingia wasichana sita, sita tu, ikabidi maneno yabadilishwe yawe "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo." Miongoni mwa hao wa mwanzo alikuwa binti wa Hoima, Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye mlimjua kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hesabu. Mwalimu wa hesabu hakutaka mwanamke darasani mwake. Akachukua historia, akavuka bahari hadi Oxford, katika chuo cha St Anne's, ambacho siku hizo kilikuwa cha wanawake peke yao na wanaume hawakupokewa mpaka 1979. Mwaka 1954 akatoka na digrii, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata. Aliporudi kufundisha shule ya wasichana ya Gayaza, akaona mshahara wake uko chini ya wa wanaume wenye kazi ileile. Akasema basi, kaeni nao, nitafundisha bure. Hamdhani kuna waliosema anajifanya?

Hata hiyo Gayaza, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1905, mwanzoni ilikusudiwa mabinti wa machifu wafundwe wawe wake wema. Shule ikawatoa madaktari na mawakili. Waanzilishi hupanda mchicha, wakati mwingine ukaota mvule.

Jirani yetu wa Kenya, Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti, naye alipopelekwa Marekani aliangukia chuo cha wasichana cha masista, Mount St. Scholastica, kule Kansas, akasoma biolojia akahitimu 1964. Mnajua alivyowasumbua wakubwa Nairobi aliporudi.

Mtaambiwa pia kwamba mmebebwa. Tangu 1990 msichana anayeingia chuo kikuu cha serikali huongezewa pointi moja na nusu, na wapo wanaume mpaka leo wanalizungumzia jambo hilo kama vile mmewaibia mbuzi. Wajibuni kwa upole: mtoto aliyechota maji na kupika kabla ya kufungua daftari, huku kaka yake anasoma, hajabebwa. Amepunguziwa mzigo kidogo tu.

Mengine nayataja haraka, mama zenu wameshawaambia. Msiazimane nguo za ndani. Someni mkataba kabla ya kusaini. Mwanamume anayekuja getini kila Jumapili na soda, muulize anafanya kazi gani Jumatatu. Anayefuliwa nguo na mdogo wake wa kidato cha chini kwa sababu tu yeye ni kiranja, aache leo. Hayo ndiyo yanayofanya watu waseme wanawake hawapendani. Kunyweni maji.

Lakini nisiwachape ninyi peke yenu. Nani aliyewafundisha kukaa? Kila mahafali ya shule za wasichana ninayoalikwa, mgeni rasmi ni mheshimiwa fulani wa suti, anayewaambia muwe wavumilivu kwenye ndoa. Kwenye kampeni za 2016 mliahidiwa pedi za bure shuleni. Mwaka uliofuata waziri wa elimu akasema fedha hazipo. Shule zikafungwa kwa korona, zote au baadhi ya madarasa, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na zilipofunguliwa vitanda vingi vya wasichana vilibaki vitupu kwa sababu wenyewe walikuwa na watoto mgongoni. Waliowapa mimba hizo, je, nao waliacha shule? Waliacha kazi? Tuliyaona, tukashika tama. Mimi pia.

Na wewe mwalimu wa maiki, najua utaisoma hii. Nakuheshimu, umewalea wengi. Lakini Jumatatu asubuhi, kwenye paredi, sema mbele yao nani aliyerudisha sauti siku ile. Mtaje jina. Atajificha nyuma ya wenzake, mtoe mbele.

Nitarudi muhula ujao, panapo majaliwa, na nitakaa mstari uleule wa pili. Kwa dereva wa boda nimetuma kifurushi: tepu nyeusi mbili na plaizi mpya yenye mpini mwekundu, ya kumenyea waya, maana meno ya yule binti bado ya kesho. Apewe mwenye miwani. Ni yake, si ya chuo, na mgeni yeyote akiiomba, binti aende nayo mwenyewe jukwaani.

Jaja yenu,
Bombo