Kwa vijana wetu mnaodai sheria ya fedha za kampeni

Wanangu,

Madai yenu nayaunga mkono. Sheria ya Kenya ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, ikawekwa kando kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 tume ya uchaguzi ilipotangaza kikomo cha matumizi cha shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, wabunge wakakikataa. Kwa hiyo siasa zetu zinabaki kama mlivyozikuta: gari linasimama sokoni, noti za mia mbili zinatolewa dirishani, kina mama wanagawiwa leso na pakiti za unga, wa bodaboda wanajaziwa mafuta ili wapige honi. Kijana mwenye sera na mfuko mtupu hafiki hata kwenye mchujo.

Ila nawasihi msome kila kifungu mkijiona nyinyi ndio mnaoshtakiwa kwacho. Sheria hiyo inagusa hata kura ya maamuzi, na huko hakuna mgombea, kuna swali tu. Mwaka 2010 tulipopigia kura Katiba, viongozi wengi wa makanisa waliipinga waziwazi kwa sababu ya Mahakama za Kadhi na suala la uavyaji mimba. Mimi nilipiga kura ya ndiyo, lakini haki yao ya kuchanga na kuchapisha vikaratasi ni ile ile yangu.

Na kumbukeni Juni 2024. Mlipopinga Mswada wa Fedha mlichangishana kwa M-Pesa, mkaandika mabango kwa mikono yenu, mkawataja wabunge kwa majina na kuwataka wananchi wawapigie simu. Tuseme hayo yangetokea wiki chache kabla ya uchaguzi. Kumtaja mbunge anayetetea kiti chake kungekuwa kutetea hoja, au kumfanyia mpinzani wake kampeni?

Marekani walishaumia hapo. Sheria yao ya mwaka 2002 ilizuia fedha za mashirika kulipia matangazo ya redio na televisheni yanayomtaja mgombea ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka 2004 kikundi cha Wisconsin Right to Life, kinachopinga uavyaji mimba katika jimbo la Wisconsin, kilitaka kutumia matangazo kama hayo kuwahimiza raia wawasiliane na maseneta wao wawili kuhusu uteuzi wa majaji. Mmoja wao, Russ Feingold, alikuwa akigombea tena, hivyo sheria ikayagusa matangazo hayo, na ndiye aliyekuwa mmoja wa waasisi wa sheria hiyo. Mahakama ya Juu ilikipa kikundi hicho haki mwaka 2007. Uchaguzi ulikuwa umepita zamani, na hoja imepoa. Hilo ndilo ninalowahofia: mwenye wakili atasubiri hukumu, nyinyi mtanyamaza.

Najua mtaniambia kwamba tajiri atajificha nyuma ya kikundi cha kutetea hoja. Ni kweli, atajaribu. Basi mfuateni yeye na mamilioni yake, atajwe hadharani. Anayetoa mia tano aachwe. Baada ya maandamano yale ya Juni 2024 vijana walitekwa nyara, wengine hawajarudi nyumbani hadi leo. Orodha ya majina na namba za simu za wachangaji wadogo, ikiwa mezani kwa ofisa wa serikali, ni hatari ambayo sihitaji kuwaeleza nyinyi.

Mkienda mbele ya kamati ya Bunge kutoa maoni, dai hili lisiachwe nje: vikomo vya matumizi viwafunge wagombea na vyama, na mwananchi ahesabiwe kuwa anafanya kampeni pale tu anapoomba kwa maneno ya wazi fulani apigiwe kura au anyimwe. Kodi, ardhi, bei ya unga, mauaji ya polisi, ayaseme hata siku moja kabla ya kura, amtaje mheshimiwa amtakaye, bila kujisajili popote. Kifungu cha 33 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kujieleza, kiko upande wenu. Wakikataa kuliandika hilo, kataeni sehemu yote inayohusu vikundi vya wananchi, mbaki na vikomo vya wagombea. Agosti 2027 haiko mbali, na hivyo vikomo peke yake ni kazi ya kutosha.

Mzee wenu