Kopo liandikwe mikrogramu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Miaka mingi nimezunguka mazizi ya Kongwa na Mpwapwa, na hii ni barua yangu ya kwanza gazetini. Kilichonifanya nishike kalamu ni kopo.

Dada yangu mkubwa, mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, aliuziwa mlangoni unga wa uyoga kwa shilingi 60,000. Aliambiwa una "polisakaridi zenye seleniamu" na unatibu presha, sukari, hata saratani. Nimeligeuza kopo pande zote. Vijiko vitatu kwa siku, imeandikwa. Kiasi cha seleniamu, madini ambayo mwili huhitaji kidogo sana, hakipo.

Polisakaridi zenyewe hazitishi. Ni minyororo mirefu ya sukari. Utelezi wa mlenda tunaolia ugali wa uwele unatokana na hizo hizo. Uyoga ukioteshwa penye chumvi ya seleniamu huyafyonza madini hayo, na sehemu yake hushikamana na minyororo hiyo. Wachina wamezichunguza sana polisakaridi hizo zenye seleniamu, na kwa panya matokeo yanatia moyo, hasa upande wa kinga ya mwili. Kwa wagonjwa ushahidi bado ni mchache mno kumfanya mtu aache dawa zake, kama dada alivyoacha.

Seleniamu naijua kwa mikono yangu. Mwanakondoo akiikosa, misuli hupauka na kusimama kunamshinda. Tulikuwa tukimchoma sindano yenye seleniamu na vitamini E, lakini kwanza tunampima uzito, maana dozi ikizidi inaua. Binadamu naye ana mpaka wake: mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 55 kwa siku, Marekani wameweka ukomo wa 400, na Ulaya mwaka 2023 waliushusha hadi 255. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mama wa watu atazipimaje kwa kijiko cha chai? Huko Enshi, China, miaka ya 1960, waliokula mazao ya udongo uliojaa seleniamu walinyonyoka nywele na kucha.

Siombi bidhaa hizi zipigwe marufuku. Naomba Shirika la Viwango (TBS) wawafikie hata wauzaji wa mlangoni: kopo lisiloonyesha ni mikrogramu ngapi kwa kijiko lisiuzwe. Nawe Mhariri, mtu akikuletea tangazo la virutubisho, mdai kiasi hicho kabla hujachapa.

Dada amerudia vidonge vyake vya presha. Kwa upande wa seleniamu, nimempelekea trei ya mayai na perege wa Mtera.

Bwana Mifugo Mstaafu,
Kongwa, Dodoma