Gabapentini na vitu vingine unavyomeza siku hiyohiyo

Swali tunaloulizwa zaidi kwenye dirisha la famasi na mgonjwa aliyeandikiwa gabapentini kwa maumivu ya neva ni hili: ninywe kabla ya kula au baada? Jibu lake ni fupi. Kapsuli na vidonge vya kawaida unaweza kuvimeza tumbo likiwa tupu au limejaa. Chakula huongeza dawa inayoingia kwenye damu kwa takriban asilimia 14 tu, tofauti ambayo hutaihisi. Maziwa nayo hayana neno. Ikikuchafua tumbo, imeze pamoja na mlo. Wa kuangalia chakula ni yule aliyepewa aina ya mara moja kwa siku, inayoachia dawa polepole. Hiyo humezwa na mlo wa jioni, kwani bila chakula hupita tumboni upesi kabla haijamaliza kazi. Aina hizi mbili hazibadilishani, hata namba za miligramu zikifanana.

Laiti tungeulizwa zaidi kuhusu dawa ya kiungulia. Antasidi zenye aluminiamu na magnesiamu, ziwe za maji au za kutafuna, hupunguza gabapentini inayofyonzwa kwa kama asilimia 20. Mtu anamaliza chakula cha jioni, anakunywa antasidi, dakika chache baadaye anameza dozi ya usiku. Kwa mtu anayepata nafuu kwa shida, kupoteza sehemu moja ya tano ya dawa si kidogo. Nyayo zitaanza kuwaka moto kabla ya alfajiri naye ataona dawa imeisha nguvu. Dawa haijaisha nguvu. Tanguliza antasidi, subiri saa mbili, ndipo umeze gabapentini. Upungufu huo hushuka hadi asilimia 5 hivi.

Kujiongezea dozi hakusaidii kama watu wanavyodhani. Gabapentini huvushwa kwenye ukuta wa utumbo na vibebaji vyenye kikomo, mfano wa kivuko chenye viti vya kuhesabu. Ukitumia miligramu 900 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, mwili hupata karibu asilimia 60. Kwa miligramu 2,400 hupata asilimia 34 hivi. Ndiyo maana daktari anaigawa mara tatu badala ya kukupa yote usiku. Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka; kama inayofuata iko karibu, iache iliyopita na usimeze mbili kwa mpigo.

Sasa jambo zito. Gabapentini hupunguza kasi ya ubongo, na ikikutana na kitu kingine chenye tabia hiyo, kinachoweza kuzimika ni pumzi. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo, ikiwataja hasa wazee, wenye magonjwa sugu ya mapafu, na wanaotumia dawa za jamii ya afyuni: mofini, kodeini, tramadoli. Mofini ina ubaya wa ziada. Miligramu 60 za mofini ya kuachia polepole, zikimezwa saa mbili kabla ya miligramu 600 za gabapentini, zilipandisha gabapentini mwilini kwa asilimia 44. Wengi husema hawatumii dawa kama hizo, kumbe chupa ya dawa ya kikohozi waliyo nayo nyumbani ina kodeini. Soma viambato. Diazepamu na dawa za usingizi zimo kundini, na pia vidonge vya aleji vinavyosinzisha kama klorofeniramini. Pombe vilevile, hata glasi ambayo zamani haikukutikisa. Mtu akiwa hazinduki, anapumua polepole mno au midomo inageuka bluu, apelekwe hospitali hapohapo. Usimwache alale eti dawa imwishe.

Gabapentini haivunjwivunjwi na ini. Hutoka nzima kupitia figo. Kwa hiyo juisi ya balungi, inayovuruga dawa nyingi, haiigusi. Lakini figo zikichoka, dawa hulundikana, na kizunguzungu kinachoanza baada ya miezi ya utulivu ni dalili ya kutazamwa. Ibuprofeni au diklofenaki za kila siku huziumiza figo taratibu, hasa kwa mwenye kisukari au presha. Uwezo wa figo kuchuja kreatinini (taka ya mwilini inayotumika kupima kazi ya figo) ukiwa chini ya mililita 60 kwa dakika, dozi hupangwa upya.

Usiichukulie hivyohivyo karbamazepini, dawa nyingine ya maumivu ya neva. Hiyo hupitia ini: balungi na antibiotiki ya erithromisini huipandisha kwenye damu, na karbamazepini yenyewe hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Amitriptilini, nayo ya maumivu ya neva, na tramadoli kwa pamoja zinaweza kuleta mtetemeko, homa na kuchanganyikiwa. Pregabalini ni ndugu wa gabapentini, kwa hiyo mabaki ya moja usiyamalizie pamoja na nyingine.

Kwa wenye kisukari: metformini haigombani na gabapentini, ila ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi na kuchomachoma miguuni. Kabla ya kuomba dozi kubwa zaidi, omba B12 ipimwe.

Ukitaka kuacha, punguza kwa ratiba ya daktari, kwa muda usiopungua wiki moja. Na ukienda kupimwa mkojo, waambie watu wa maabara kuwa unatumia gabapentini: baadhi ya vijiti vya kuchovya huonyesha protini isiyokuwepo, na njia ya asidi ya salfosalisili ndiyo ya kuhakikishia.