Kemia ogania ya muhula wa pili isitahiniwe kwa kukariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu malalamiko yanayosikika kila matokeo ya mitihani ya vyuo vikuu yanapotoka, kwamba kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) ya muhula wa pili ni mzigo wa kukariri usiomfaa mwanafunzi wa udaktari, ufamasia au kilimo, na kwamba heri ipunguzwe. Nikiwa mkufunzi wa vipindi vya mazoezi ya somo hilo, nakiri kwamba wanafunzi wengi wanakariri kweli, lakini kinachowasukuma huko ni mitihani tunayowatungia, wala si somo lenyewe.

Ni kweli kwamba muhula huo humwagia mwanafunzi mambo mengi: benzini, aldehaidi, ketoni, asidi za kaboksili, esta na amini, kila kundi na mimenyuko yake, yaani namna linavyobadilika likikutana na kemikali nyingine. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mimenyuko hiyo inatokana na kabonili, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni huvutia elektroni kwake, kaboni ikabaki na upungufu, na hapo hushambuliwa na chochote chenye jozi ya elektroni za kutoa. Haidrojeni zilizo kwenye kaboni jirani, ziitwazo haidrojeni alfa, nazo huwa rahisi kung'olewa na besi, yaani kemikali inayopokea haidrojeni isiyo na elektroni zake: pKa (kipimo ambacho kikiwa kidogo, haidrojeni hung'oka kwa urahisi zaidi) ya ketoni ya kawaida ni karibu 20, ilhali ya alkani ni karibu 50, na kila namba moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi.

Tuangalie mmenyuko alioueleza mkemia Mjerumani Ludwig Claisen mwaka 1887. Molekuli mbili za ethili asetati, ambayo ni esta, zikitiwa besi iitwayo sodiamu ethoksaidi, huungana na kutoa ethili asetoasetati pamoja na ethanoli. Aliyekariri huandika hivyo na kupata alama zote. Ukimwuliza kwa nini besi lazima iwe kiasi kamili kinacholingana na zao (kinachozalishwa na mmenyuko), badala ya kidogo tu kama kichocheo, hana jibu, ingawa jibu limo katika namba tatu: pKa ya ethili asetati ni karibu 25, ya ethanoli karibu 16, na ya zao lenyewe karibu 11. Hatua ya kwanza, ambapo besi hung'oa haidrojeni ya esta, ni ya kupanda mlima. Kinachouvuta mmenyuko mzima hadi mwisho ni hatua ya mwisho kabisa, ambapo besi hung'oa haidrojeni iliyo katikati ya kabonili mbili za zao, na katika kufanya hivyo besi yenyewe hutumika ikaisha. Aliyelielewa hilo anaweza kutabiri, hata kama hajawahi kufundishwa, kwamba ethili isobutireti, ambayo kaboni yake ya alfa ina haidrojeni moja tu, haitatoa zao la maana kwa besi hiyo hiyo, kwa kuwa baada ya kuungana hakuna haidrojeni iliyosalia katikati ya kabonili mbili, na mmenyuko hurudi ulikotoka. Atatambua pia kwamba ukitia ethoksaidi kwenye esta ya methili, vipande vya methoksi (vya esta) na ethoksi (vya besi) vitabadilishana nafasi na utaishia na mchanganyiko usiotamanika.

Fikra za namna hiyo huandikwa kwa mishale iliyopinda, ambayo Robert Robinson na William Kermack waliitumia katika makala yao ya mwaka 1922. Mshale huanzia zilipo elektroni na kuishia zinakokwenda. Wanafunzi wengi huuanzisha kwenye haidrojeni, kana kwamba haidrojeni ndiyo inayoshambulia, na msahihishaji aliyezungukwa na rundo la karatasi (uchovu wake naujua vizuri) hutazama zao la mwisho na kuweka alama ya vema.

Sitetei kufutwa kwa kukariri kote. Mwanafunzi hana budi kujua kwa moyo thamani za pKa zipatazo kumi, kwamba sodiamu borohaidridi hugeuza aldehaidi na ketoni kuwa alkoholi na kwa kawaida huiacha esta ilivyo, kwamba kitendanishi cha Grignard huharibiwa na maji, na kwamba kabonili hunyonya mwanga wa infraredi karibu na 1700 kwa sentimita. Bila akiba hiyo hana cha kufikiria nacho.

Wanaouliza faida yake kwa daktari watazame namna mwili unavyovunja glukosi. Kimeng'enya kiitwacho aldolasi hukata sukari ya kaboni sita yenye fosfeti mbili kuwa vipande viwili vya kaboni tatu, na kazi hiyo ni mmenyuko wa aldoli (kaboni ya alfa ya kabonili moja kuungana na kaboni ya kabonili nyingine) uendao kinyumenyume, ule ule uliofundishwa katika kemia ogania. Anayejua tabia ya kabonili ataona sababu ya mkato kutokea pale unapotokea; asiyeijua atazikariri hatua zote 10 za uvunjaji huo wa glukosi, uitwao glaikolisisi, na kuzisahau baada ya mtihani wa biokemia.

Najua nitajibiwa kwamba madarasa ni makubwa na wasahihishaji ni wachache. Lakini swali la ethili isobutireti linajibika kwa sentensi tatu na mishale michache, na halichukui muda mrefu kusahihisha kuliko orodha ya mazao ishirini. Nawaomba wakuu wa idara za kemia waanze na mtihani wa muhula ujao: jedwali la pKa liwekwe kwenye karatasi ya maswali, nusu ya alama itolewe kwa mishale na maelezo, na angalau swali moja lihusu mmenyuko ambao mwanafunzi hajawahi kuuona darasani.

Wako,
Mkufunzi wa kemia ogania