Barua kwa Rehema: uzito wa binti yako

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoandika kuwa uzito wa binti yako unakutia wasiwasi, "au ni wangu peke yake?", nikaona nisichelewe kukujibu.

Si wako peke yake. Mwaka 1990, kati ya watoto na vijana 100 wa miaka 5 hadi 19 duniani, waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa kama 8. Mwaka 2022 wakafika 20. Kwa wasichana pekee ni 19, karibu mmoja katika kila watano. Na wale waliofikia unene uliokithiri, yaani ngazi ya juu ya uzito uliozidi, waliongezeka mara nne katika miaka hiyohiyo.

Watu husema ni ugonjwa wa nchi tajiri. Mimi siafiki. Japani ni tajiri, na watoto wake wanene ni wachache. Mwaka 2016 wasichana walioongoza kwa unene uliokithiri walikuwa wa visiwa vidogo vya Pasifiki: Nauru, Palau na Visiwa vya Cook, zaidi ya 30 katika kila 100. Halafu kuna jambo la jinsia. China wavulana ndio wanaozidi kwa uzito, na kwa mbali; Afrika Kusini ni wasichana. Kwa wasichana sababu ni nyingi, lakini moja inaniuma: msichana akianza kukua huambiwa atulie. Hesabu za dunia za 2016 zilionyesha kuwa wasichana 85 katika 100 wa miaka 11 hadi 17 hawaushughulishi mwili vya kutosha, wavulana 78. Hata hao wavulana si wa kusifiwa!

Sasa tuje kwa huyu wako. Umesema ametimiza miaka 10, ana kilo 38 na urefu wa mita 1.40. Nimechukua kalamu: urefu mara urefu ni 1.96, 38 gawa kwa hiyo unapata 19.4. Hiyo ndiyo namba ya uwiano wa uzito na urefu, wanayoiita BMI. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa umri huo akipita 19.0 anahesabiwa ana uzito uliozidi. Lakini vipo vipimo vingine vya kimataifa, vilivyotokana na takwimu za nchi sita, na mpaka wa vyenyewe uko karibu na 19.9. Kwa hiyo mtoto yuleyule, siku ileile, huku kazidi na huku hajazidi. Ndiyo maana ukikuta jedwali mbili za nchi moja zinapishana, usidhani mmoja kadanganya. Uliza kwanza wametumia mpaka upi.

Hata hivyo sisemi upuuze. Kinachonishughulisha zaidi ni mwendo wake kuliko hiyo namba moja. Wasichana wengi huongeza uzito wanapokaribia kuvunja ungo, na urefu nao huongezeka kwa kasi yake. Vipimo vyake vya miaka miwili mitatu iliyopita unavyo? Kama amekuwa akipanda hatua kwa hatua, hiyo ni habari moja. Kama ameruka ghafla, ni nyingine, na mpeleke kwa daktari.

Na tafadhali, Rehema, usimpime mbele ya kaka zake. Ulinieleza kwa mzaha, lakini mimi sikucheka. Niliwahi kupimwa hivyo nikiwa na umri kama wake.

Nitumie hizo namba za zamani ukizipata.

Wako,
Mwanaidi