Mwanangu, usiulazimishe mkono

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia jambo ambalo wewe hukutaka lifike kwangu: kwamba usiku vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi, na asubuhi unavichua kwa maji moto kisha unarudi kwenye gitaa. Usimkasirikie. Nimefurahi mno kwamba unakwenda Honolulu, Hawaii, kujifunza gitaa la chuma, lile la kulaza mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, kule kule lilikozaliwa, na hapa Nakuru hakuna jirani ambaye hajasikia habari hiyo kutoka kwangu. Lakini kabla hujapanda ndege, huo mkono uonwe na daktari.

Ile video uliyotutumia niliitazama kwanza nikiwa nimezima sauti, niangalie mkono tu. Ukilaza chuma mshazari wa mbele, ncha ikielekea kwenye daraja upande wa mkono wa kulia, huna shida. Uzi wa tatu freti ya tatu, ile mistari ya shingoni, uzi wa pili freti ya nne, na kwa kuwa nyuzi umezityuni C6, yaani sauti za C, E, G na A, unapata C na E safi kabisa. Shida inaanza unapokigeuza kinyume. Pale kwenye nyuzi mbili za mwanzo, wa kwanza freti ya tano na wa pili freti ya sita, ncha inarudi upande wa kichwa cha gitaa, na wewe unakunja kifundo chote kwa nje mpaka mishipa inasimama. Chuma kinatakiwa kizunguke kati ya kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kiwiko nacho umekiacha mbali na mwili. Kilete karibu na mbavu, mkono wote uelekee mbele, na kifundo hakitalazimika kupinda hivyo. Fanya polepole, bila wimbo wowote, na ukisikia ganzi acha hapo hapo. Si baada ya kumaliza zoezi. Hapo hapo.

Halafu nikawasha sauti. Unalaza chuma mshazari kuliko inavyohitajika, hasa ukiwa juu. Nafasi za freti hupungua kadiri unavyopanda, na ukipanda oktavu moja inabaki nusu. Mshazari wa freti ya tatu ukiupeleka vile vile hadi ya 15, nyuzi mbili haziwezi kupatana, nawe ukaanza kutikisa chuma ili kuficha. Nilisikia. Ulikuwa na sikio zuri tangu utotoni, kwa hiyo najua na wewe ulisikia. Zile nyuzi tatu zinazofuatana nazo, usizipige zote kwa pamoja kwenye mshazari. Chuma hakikunjiki: za pembeni zikikaa sawa kwa tofauti ya freti moja, uzi wa katikati unaangukia kati ya freti. Uruke.

Tena naona bado unatumia chuma changu cha zamani. Kile kilikuwa cha mkono wangu, si wako. Tafuta chembamba zaidi, kifupi, chenye ncha ya mviringo. Usiseme unakitunza kwa ajili yangu.

Najua wenzako wa Texas wanakushauri ununue gitaa la pedali, lile la kubadilisha sauti ya nyuzi kwa kukanyaga, uachane na mishazari. Mwaka 1954, baada ya mpigaji Bud Isaacs kusikika na pedali kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, wapigaji wengi wa Nashville, mji wa muziki wa country, walihamia kwenye pedali. Mwenzao Jerry Byrd hakuhama. Alibaki na chuma chake na mishazari yake, na miaka ya 1970 akahamia Honolulu, akapiga na kufundisha vijana wa huko, akafia huko mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 85. Huyo ndiye nataka umsikilize kabla hujafika. Sikiliza jinsi anavyoingia kwenye mshazari bila haraka, sauti ikiteleza mpaka inakaa mahali pake. Mtu hapigi hivyo kwa mkono uliokufa ganzi. Pedali ukizitaka baadaye, zitakuwepo.

Na ukipata siku ya mapumziko, fika Laie, upande wa pili wa kisiwa. Joseph Kekuku alitoka huko. Alikuwa bado kijana wa shule alipoanza kuteleza chuma juu ya nyuzi, na baadaye akazunguka Marekani na Ulaya akiwapigia watu ambao hawajawahi kusikia sauti ile. Piga picha, mama yako anazitaka.

Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Tangi la maji limefika, fundi amelifunga, ila koki inavuja na nimemwita tena. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mdogo wako amefanya mtihani vizuri, lakini Kiswahili kimemwangusha, na anasema kosa ni la mwalimu.

Kama unaogopa gharama ya daktari, zile pesa ulizotaka kututumia za kupaka nyumba rangi zitumie hapo. Ukuta unaweza kungoja mwaka mwingine. Mwambie daktari kazi unayofanya, umwonyeshe jinsi unavyoshika chuma, usimwambie tu kwamba mkono unauma. Ukitoka huko nipigie mimi, si dada yako, hata kama huku ni usiku.

Baba yako